Naomba ushauri: naandika historia ya bendi ya rock ya wazee wetu, kila mzee ana yake

Nguru Mkavu (mleta mada)
Wakuu, heshima kwenu. Kuna bendi ya vijana wa Dar miaka ya sabini: magitaa ya kelele, afro, bugaluu, santuri moja tu, iliyochapwa Nairobi. Hapa nyumbani imesahaulika, ila wakusanyaji wa nje wanaitafuta kama tanzanite. Naandaa kitabu kidogo cha historia yake. Kikwazo ni kwamba wanabendi waliobaki ni wawili na wanapingana kila kitu: nani alianzisha, nani alitunga, hata mwaka. Nimwamini nani? Nimekosa usingizi. Jina la bendi siweki kwa sasa.

Koboko
Uzi bila picha. Nimekaa pale.

Santuri Kavu
Mkuu, usianze na wazee, anza na vitu. Soma lebo ya santuri. Nenda maktaba ya Chuo Kikuu Mlimani, omba magazeti ya wakati ule, utafute matangazo ya dansi: tarehe, ukumbi, kiingilio. Ukishakuwa nayo mkononi ndipo umrudie mzee, utaona kumbukumbu zinavyofunguka. Na akikwambia walikuwa wakipiga soul Dar mwaka 1970 bila bughudha, mrudishe nyuma kidogo. Soul ilipigwa marufuku mkoani humo Novemba 1969.

Mama Kulwa
Marufuku ya kwenye karatasi hiyo, mwanangu! Wakati wa Operesheni Vijana, ile ya kupiga vita mini na suruali za kubana, kaka yangu alichaniwa suruali ya kubana Kariakoo mchana kweupe, na usiku ule ule akaenda kucheza soul na suruali ya kuazima. Baba alimsubiri mlangoni na mkanda. Jamani, ujana! Kuhusu kitabu sina la kusema, ila usiandike kwamba watu waliacha kucheza.

Mtumishi 7
Rock ni muziki wa giza. Kijana, andika historia ya kwaya, utabarikiwa.

Koboko
Mtumishi, kwaya nazo siku hizi zina gitaa la besi 😂
Mleta mada, swali dogo. Nani analipia hicho kitabu?

Nguru Mkavu
Hilo halihusiani na mada. Nimeuliza kuhusu ukweli, sio pesa.

Koboko
Basi jibu limeshapatikana.

Tunduma Mpakani
Niwape mfano wa jirani. Zambia kulikuwa na bendi inaitwa WITCH, kirefu chake We Intend To Cause Havoc. Mwimbaji wao ni Emmanuel Chanda, maarufu Jagari, jina la kumuiga Mick Jagger wa Rolling Stones. Albamu ya kwanza, Introduction, ni ya 1972, Lazy Bones!! ni ya 1975. Wanamuziki wengi wa Zamrock, yaani rock ya Zambia ya miaka ile, walikufa, wengi wao kwa ukimwi, na Jagari akaingia kwenye machimbo ya vito. Wazungu walipozitoa upya santuri zao, na filamu ikatoka 2019, wa kuhojiwa alikuwa hasa yeye, maana ndiye pekee wa kikosi cha mwanzo aliyekuwa hai. Simlaumu. Lakini Jagari alipoondoka bendi haikufa: walitoa Movin' On mwaka 1980 na Kuomboka mwaka 1984, disko tupu. Wapenzi wa rock wanaipita nusu hiyo haraka haraka kwa sababu hawaipendi. Aliyebaki hai husimulia anachokumbuka, na mwenye hela huchagua anachokipenda. Wewe uko upande gani?

Nguru Mkavu
Sawa, niseme. Mmoja wa wale wawili ni baba yangu mdogo, mpiga gitaa. Kuna Mzungu anataka kuitoa upya santuri, kijitabu changu kinaingia ndani ya jalada. Ametanguliza hela kidogo. Nyimbo zote zimeandikwa kwa jina la baba mdogo. Mzee ni mgonjwa wa figo, dawa ni ghali, na yeye ndiye aliyetunza jina la bendi miaka yote. Wengine walikuwa wapi?

Mwanasheria Njaa
Wengine walikuwa kaburini, mkuu. Nani mwingine anadai kutunga?

Nguru Mkavu
Mpiga besi aliyebaki anasema nusu ya nyimbo ni za mpiga ngoma, marehemu. Mjane wake ana daftari la mashairi, mwandiko wa mumewe. Nimeliona. Ila mtu anaweza kunakili wimbo wa mwenzake.

Mwanasheria Njaa
Aa, kumbe daftari lipo na ulikuwa kimya! Sheria ya Hakimiliki ya 1999 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Hapo hakuna utata wa kihistoria, kuna mjane anayenyimwa mgao. Kijitabu kiandike wazi: gitaa fulani anasema hivi, besi anasema vile, daftari linaonyesha hivi. Na mkataba usimamishwe majina yarekebishwe.

Nguru Mkavu
Mkataba umeshasainiwa. Na baba mdogo hawezi kuitwa mwizi uzeeni.

Chale Mbovu
Wakuu, hii ni chai, stori ya kutunga. ID ina siku chache, bendi haina jina, mgonjwa, mjane, Mzungu, daftari. Bado mapacha waliopotezana tu.

Santuri Kavu
Kupima ni rahisi. Karibu na lebo, pale mifereji ya sauti inapoishia, kuna namba imekwaruzwa kwenye plastiki yenyewe. Zipo pande zote mbili. Jina la bendi ficha, ila tusomee hizo namba.

Nguru Mkavu
Santuri sinayo. Mzungu alikwenda nayo kuisafisha sauti. Pamoja na picha.

Chale Mbovu
Chai imeongezwa tangawizi.

Mwanasheria Njaa
Chai au si chai, najibu kwa faida ya wengine. Uliandikiana naye kwamba anarudisha?

Nguru Mkavu
Tuliongea WhatsApp. Kwa sauti.

Mama Kulwa
Mwanangu, nenda kwa huyo mama leo. Lipige picha daftari lote, jalada hadi jalada, mbele yake na mbele ya watoto wake. Lenyewe muachie, usiondoke nalo.

Koboko
Na hela ya utangulizi imebaki shilingi ngapi?