Tupeane uzoefu: profaili ya VPN inapogoma kuingia kwenye kompyuta

#1
Wakuu, habari za wakati huu. Nimehangaika siku mbili na faili moja, nikaona nisikae kimya.

Nilitumiwa profaili ya OpenVPN, yaani faili la mipangilio ya kuingia mtandao wa ofisi kwa njia salama (VPN), ili nifanye kazi za ofisi nikiwa nyumbani. Nikiibofya, inafunguka kwenye Notepad. Nikiingia kwenye programu na kuchagua Import file, naitafuta kwenye folda siioni, ilhali kwa macho yangu naona imeandikwa `ofisi.ovpn`. Nikafuta programu, nikaiweka upya, nikazima na kuwasha kompyuta. Hali ni ile ile.

Kumbe jina kamili lilikuwa `ofisi.ovpn.txt`. Aliyenitumia alinakili maandishi akayahifadhi kwa Notepad, na Windows kwa kawaida huficha viendelezi inavyovitambua, kwa hiyo ile `.txt` ya mwisho haikuonekana. Nikafungua File Explorer, nikaenda View, nikaweka tiki kwenye File name extensions. Nikafuta nukta moja na herufi tatu. Ikaingia papo hapo.

Siku mbili zile zote sikuwahi kulisoma faili lenyewe. Profaili ya VPN ni maandishi tu, yanafunguka na yanasomeka. Naomba aliyewahi kukwama atuambie alikwama wapi hasa, mstari gani, neno gani. Ila tafadhali sana, msibandike faili zima hapa. Ndani yake mara nyingi mna ufunguo binafsi, yaani siri inayokutambulisha wewe kwa seva.

#2
Asante kwa kuanzisha hili, mkuu. Mimi nilipewa zipu yenye mafaili matano: `client.ovpn`, `ca.crt`, `client.crt`, `client.key` na `ta.key`. Nikachomoa la kwanza tu, nikaliingiza. Likagoma, ujumbe ukilalamikia `ca.crt`, yaani cheti cha kuthibitisha seva. Nilipolifungua nikaona mstari `ca ca.crt`, yaani faili linamtafuta mwenzake kwenye folda hiyo hiyo aliyomo. Nilipoyaweka yote matano ndani ya folda moja, mambo yakaenda.

Baadaye nikataka kuyaunganisha yawe faili moja, nisiwe nabeba furushi. Inawezekana: unaandika `<ca>`, unabandika cheti, unafunga kwa `</ca>`, na vivyo hivyo kwa vingine. Nikafanya hivyo, profaili ikaingia bila kelele, lakini kuunganisha ikashindikana. Inasubiri sekunde 60, kisha inasema mazungumzo ya TLS (ya kutambuana na seva kwa usalama) hayakufanikiwa. Nilidhani seva imezimwa.

Tatizo lilikuwa tarakimu moja. Mstari wa zamani ulisomeka `tls-auth ta.key 1`. Nilipohamishia ufunguo ndani ya `<tls-auth>`, ile 1 ikabaki nje, haina pa kukaa. Inatakiwa uandike mstari wake peke yake: `key-direction 1`. Bila hiyo, seva inazitupa pakiti zako bila kujibu lolote, ndiyo maana unaona ukimya. Yeyote anayeunganisha mafaili kwa mkono aangalie hapo kabla ya kumlaumu mtu wa mtandao.

#3
Kwa sisi wa Linux: ukienda kwenye mipangilio ya mtandao ukachagua kuingiza faili, ukaambiwa haliwezi kusomeka kama muunganisho wa VPN, angalia kwanza kama kiongezi cha OpenVPN kipo. Kwenye Ubuntu na Debian kifurushi kinaitwa `network-manager-openvpn-gnome`. Faili langu lilikuwa zima kabisa, msomaji wake ndiye hakuwepo.

La pili lilinipata baada ya mwezi hivi. VPN iliyokuwa ikifanya kazi kila siku ikafa asubuhi moja. Sikuwa nimebadilisha kitu, au ndivyo nilivyoamini. Jana yake nilikuwa nimesafisha folda ya Downloads. Vyeti vikiwa mafaili ya pembeni, NetworkManager (programu ya Linux inayosimamia mitandao) haivinakili, inaandika tu njia ya kufika vilipo. Nilikuwa nimefuta cheti changu mwenyewe. Sasa huwa nahamishia kila kitu `~/.cert` kwanza, ndipo naingiza. Wa Fedora nao wafanye hivyo hivyo, maana SELinux (mfumo wa ulinzi wa Linux) inaweza kuzuia vyeti kusomwa vikiwa sehemu nyingine.

#4
Mimi natumia WireGuard, aina nyingine ya VPN. Mambo mawili.

Jina la faili lisiwe na nafasi. Langu liliitwa `vpn ya kazi.conf`, likakataliwa. Kwenye Linux pia lisizidi herufi 15 ukiondoa `.conf`, kwa sababu jina hilo ndilo linalokuwa jina la kiolesura cha mtandao.

La pili ni ufunguo. Una herufi 44 na ya mwisho ni alama ya `=`. Nilikuwa nabofya mara mbili ili kuuchagua wote, na kivuli cha bluu kilikuwa kinaishia kabla ya ile `=`. Nikanakili herufi 43 mara nne mfululizo bila kugundua. Buruta kipanya mwenyewe mpaka mwisho wa mstari, kisha hesabu.

#5
Saa ya kompyuta. Betri ndogo ya ubao mama ilikuwa imekufa, tarehe ikarudi nyuma miaka kadhaa, na cheti kikaonekana bado hakijaanza kutumika. Rekebisha saa, jaribu tena.

#6
Profaili yangu ya zamani ilikuwa na `cipher BF-CBC`, yaani njia ya kuficha data kwa msimbo. Nilipopanda hadi OpenVPN 2.6, ikaingia lakini haikuunganisha, na logi ikasema wazi kwamba cipher hiyo haimo kwenye `data-ciphers`, orodha ya zinazoruhusiwa. Watu wengi wanashauri uilazimishe. Mimi sikubaliani. BF-CBC ina bloku za biti 64 tu, na shambulio la SWEET32 lilionyesha udhaifu wake tangu 2016. Nilimwandikia msimamizi, akaihamishia seva kwenye AES-256-GCM, akanipa profaili mpya. Ilichukua wiki nzima lakini ndiyo njia sahihi.

#7
Mimi natumia Mac, nimepewa faili la `.mobileconfig`. Nalibofya, halionyeshi kitu.

#8
Limeshapokelewa, ila linasubiri idhini yako. Fungua System Settings, tafuta Profiles (kwenye macOS mpya ni General, kisha Device Management), utalikuta hapo. Kabla ya kukubali, soma limetoka kwa nani na linaweka nini. Faili la aina hii linaweza kubeba na cheti cha mizizi, na ukishakiamini kompyuta yako inaamini chochote kilichotiwa saini nacho. Kama humjui aliyelituma, usilikubali.

#9
Jamani naombeni msaada, langu linakataa kwenye sehemu ya cheti. Nimelibandika lote hapa chini mnisaidie kuangalia.
*[yaliyobandikwa yameondolewa]*

#1
Ndugu yangu, nimeomba liondolewe na limeshaondolewa, lakini lilikaa hadharani kama dakika kumi. Uliweka na sehemu ya `<key>`. Hesabu kwamba ufunguo huo umeshachukuliwa. Tafadhali mpigie msimamizi wako sasa hivi abatilishe cheti na akutolee kingine, usingoje kesho. Hakuna atakayekulaumu kwa kusema mapema.

Kuhusu kosa lenyewe, niliwahi kuliona: mstari wa `BEGIN CERTIFICATE` ulianza kwa vistari virefu viwili. Unatakiwa uwe na vistari vifupi vitano kila upande. Je, ulitumiwa kama ujumbe wa maandishi?

#9
Ndiyo, nilitumiwa kwenye programu ya ujumbe, nikanakili kutoka huko. Itakuwa ndiyo iliyoviunganisha vistari. Nampigia sasa.

#9
Nimerudi. Cheti cha zamani kimebatilishwa. Amenitumia kingine ndani ya zipu yenye nenosiri, na nenosiri akanitajia kwa simu. Nimelifungua faili kwanza nikahesabu vistari, vitano huku na vitano kule. Limeingia, na sasa nimeunganishwa.