Hospitali ya Panzi ni ya nani: kanisa au Serikali?

Swali: Ndugu, hamjambo? Naandika kazi ya mwisho wa masomo juu ya uongozi wa hospitali hapa Bukavu, Kongo. Panzi iko chini ya nani?

Jibu la 1: Ni mali ya kanisa, CEPAC (jumuiya ya makanisa ya Kipentekoste), ila inahudumu pia kama hospitali kuu ya rufaa katika zone ya afya ya Ibanda. Daktari Denis Mukwege, bingwa wa magonjwa ya wanawake, aliianzisha 1999, baada ya hospitali ya Lemera, alikokuwa akifanya kazi, kushambuliwa Oktoba 1996. Nia ya kwanza ilikuwa uzazi. Vita vikaleta wanawake waliobakwa. Wanafunzi wa udaktari wa UEA (chuo kikuu cha Kiprotestanti cha hapa Bukavu) hufanyia mazoezi humo.

Jibu la 2: Usichanganye hospitali na Fondation Panzi, shirika la misaada lililoundwa 2008! Ukiandika pesa za fondation kama mapato ya hospitali, hesabu zako zote zinapotoka.

Angalia pia vitanda. Mama aliyeshonwa fistula (tundu kati ya kibofu na uke linalovujisha mkojo), hata ile nyepesi, hukaa na mpira wa mkojo siku 7 hadi 10. Mpira ukijikunja au ukiziba, kibofu kinajaa, mshono unavutwa na mkojo unaanza kuvuja tena. Kwa hiyo muuguzi hukagua mfuko usiku na mchana. Kitanda kimoja, siku nyingi, na manusura wa ubakaji hatozwi kitu: AG (administrateur gestionnaire, msimamizi wa fedha na mali za hospitali) asiyepanga hilo mapema atakwama kwenye mishahara.

Muulizaji: Aksanti sana. Na AG, bosi wake nani?

Jibu la 1: Daktari mkurugenzi. Wanakaa komite moja na mkuu wa madaktari na mkuu wa wauguzi.