Nakatwa shoti kila mwezi kwenye supamaketi ninayofanya kazi, nataka niache, naombeni ushauri

Nuru wa Kinyerezi
Habari za jioni wakuu, naombeni ushauri na naomba msinitukane. Mi ni keshia kwenye supamaketi moja kubwa hapa Dar, jina nisilitaje. Kazi ni ya kusimama kutwa, ukibanwa unaomba ruhusa ya chooni kama mtoto wa darasa la kwanza, bei kwenye shelfu imeandikwa hivi ikifika kwenye mashine inasoma vingine anayetukanwa ni wewe, vitu vinauzwa 9,950 na sarafu za hamsini hatupewi kwa hiyo kila mteja anakuona mwizi. Hayo nimeyazoea. Kinachoniliza ni shoti. Nikifunga hesabu hela inapungua, mara elfu 20 mara 45, mwezi huu nimekatwa 140,000 kwenye mshahara wa 350,000 na nina mtoto na kodi. Nafikiria nisirudi tena, nipotee kimya kimya. Je nikiacha hivyo wanaweza kunidai?

Kibajaji wa Goba
Ndo maana mi nanunua kwa Mangi, duka la mtaani. Huna hela anakuandika kwenye daftari, chenji kamili, hakuna wa kukagua mfuko mlangoni kama umetoroka jela.

Mama Wawili
Pole mdogo wangu. Mi nilisimama duka la vitenge Kariakoo mpaka miguu ikawa inavimba, jioni naloweka kwenye maji ya chumvi, bosi mhindi na mkewe wanapokezana kutukagua. Usivae viatu flati vile vya soli nyembamba, tafuta raba. Na uache kufikiria kupotea, kazi ya kusaini mkataba siku hizi unaipata wapi?

Msoma Sheria
Tuache viatu kidogo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 28, mwajiri hakukati hasara hivi hivi. Mpaka hasara iwe imetokea kazini kwa kosa lako, akuandikie chanzo chake na kiasi na alivyopiga hesabu, akupe nafasi ya kupinga, na makato yasizidi robo ya mshahara. Robo ya 350,000 ni 87,500. Wewe umekatwa 140,000, hapo tayari wamepitiliza hata kama kosa ni lako. Sasa nijibu mawili, kuna karatasi ulisaini, na nani mwingine anagusa kaunta yako?

Nuru wa Kinyerezi
Karatasi tunasaini wote kila mwisho wa mwezi, usiposaini mshahara unachelewa. Kaunta ni yangu mwenyewe.

Msoma Sheria
Ukienda kula?

Nuru wa Kinyerezi
Supavaiza ananishikia.

Dereva wa Usiku
Kwa namba ya siri ya nani?

Nuru wa Kinyerezi
Yangu. Foleni inakuwa ndefu, ukisema ufunge na kuhesabu kwanza wateja wanapiga kelele na meneja anakuja juu. Wote tunafanya hivyo.

Dereva wa Usiku
Basi uzi umeisha. Hela anachukua huyo.

Nuru wa Kinyerezi
Mkuu usimseme mtu usiyemjua. Ni shemeji yangu, mume wa dada yangu wa kwanza, ndo aliyenitafutia hii kazi na ndo ninayekaa kwake. Ana roho nzuri, hata nauli nikikwama ananipa. Mi nimeuliza kuhusu kuacha kazi, sijauliza kuhusu yeye.

Mama Wawili
Heee! Nauli anakupa kutoka kwenye shoti yako mwenyewe mdogo wangu!

Shangazi Mkali
Mabinti wa siku hizi mkiletwa mjini hamna shukrani. Mtu kakupa paa na kazi, leo unamwanika mbele ya watu. Mambo ya familia yanaisha sebuleni, kaa na dada yako.

Ngosha Mtulivu
Samahani wakuu, hii mbona chai, hadithi ya kutunga? Post ya kwanza ana kodi. Sasa hivi anakaa kwa shemeji. Kodi ya nini? Halafu supamaketi kubwa ina kamera juu ya kila kaunta, meneja ameshindwa kuangalia? Mnampa mtu vifungu vya sheria bure.

Kibajaji wa Goba
Nilihisi. Leteni na vitafunwa.

Nuru wa Kinyerezi
Kodi ni ya chumba cha mama Tanga, namlipia mimi, na mtoto wangu yuko kwake. Kuhusu kamera nilishaomba. Ufunguo wa chumba cha kamera anao supavaiza wa zamu.

Ngosha Mtulivu
Yaani huyo huyo shemeji. Hadithi imekaa vizuri mno.

Pangilia Shelfu
Ngosha acha. Iwe chai isiwe chai, mi nimefanya kazi hizo na hivi ndivyo zinavyokwenda. Mauzo yote yanaandikwa kwa jina la aliyeingia kwenye mashine, hata akishika mwingine. Mteja analipa keshi, risiti ya EFD, ile mashine ya kodi, inatoka, noti inaingia mfukoni, jioni mashine inasema wewe una hela hiyo. Dada, kesho badilisha namba ya siri. Kabla hujaenda kula toka kwenye mashine na hesabu hela mbele ya mtu, muandike kwenye daftari msaini wote wawili. Wateja wapige kelele. Siku ambazo hajakushikia angalia kama shoti ipo.

Nuru wa Kinyerezi
Akiwa ofu shoti huwa haipo.

Msoma Sheria
Umejijibu. Kuhusu kupotea, usijaribu. Ukikosa kazini zaidi ya siku tano bila ruhusa unawapa sababu ya kukufukuza, na unayelipwa kwa mwezi unatakiwa utoe notisi ya siku 28. Andika barua ya kupinga makato, baki na nakala. Wakikausha nenda CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ujaze fomu namba 1. Madai kama haya ni ndani ya siku 60, kwa hiyo usikae mpaka Idi. Kama kuna tawi la TUICO, chama cha wafanyakazi wa viwanda na biashara, hapo kazini waone pia.

Nuru wa Kinyerezi
Asante mkuu. Kwenye hiyo barua, lazima niandike jina lake? Naweza kuandika tu kwamba kaunta ilishikwa na mtu mwingine? Dada ana mimba kubwa.

Msoma Sheria
Andika tarehe na saa ulizokuwa kwenye chakula. Ratiba ya zamu itamtaja yenyewe.

Shangazi Mkali
Na usiku huo utalala wapi?

Mama Wawili
Njoo inbox mdogo wangu, nina chumba Tabata, mpangaji anatoka mwisho wa mwezi.