Gego lililotibiwa mzizi limeanza kuuma tena: ling'olewe au litibiwe upya?

Mwalimu wa Ujiji

Waungwana, salaam. Ninaomba msaada wa wanaoifahamu taaluma ya meno. Mwezi wa tatu mwaka huu nilitibiwa mzizi wa gego la kwanza la chini, upande wa kulia (yaani mzizi ulisafishwa ndani, kisha ukajazwa), katika kliniki moja ambayo sitaitaja. Kazi ilikwisha kwa siku hiyohiyo, kwa muda wa dakika 40 hivi. Tundu likazibwa kwa dawa nyeupe laini, nami nikaambiwa nirudi baada ya wiki 2 kuzibwa kwa kudumu. Kwa kuwa maumivu yalikuwa yamekwisha na mitihani ya majaribio ya kidato cha nne ilikuwa imenibana, sikurudi.

Miezi 5 baadaye kipande cha ile dawa kiling'oka nikila muhogo wa kuchemsha. Hazikupita wiki 3, jino likaanza kuuma kila ninapolibana, kisha kikatokea kijipu kidogo kwenye ufizi, ambacho hupasuka chenyewe, hutoa usaha, hupotea, halafu hurudi. Juzi nilipigwa picha ya eksirei. Nilionyeshwa mstari mweupe wa kijazo ukiishia katikati ya mzizi wa nyuma, na kwenye ncha ya mzizi huo kivuli cheusi chenye ukubwa wa punje ya mtama. Nikashauriwa kung'oa.

Nina miaka 34, na upande wa kushoto nimekwisha kung'olewa magego 2, kwa hiyo chakula chote ninakitafunia upande huu. Je, jino lililokwisha kutibiwa mzizi linaweza kutibiwa tena? Na ni vifaa au dawa gani zilizokosewa mara ya kwanza?

Daktari wa meno, Tabora

Mwalimu, pole sana. Kwa maelezo yako, ningelijaribu jino hili kabla ya kulitoa, mradi tu atakayelichunguza asikute mzizi umepasuka na kuwe na ukuta wa jino wa kutosha juu ya ufizi.

Umeuliza kuhusu dawa, nami nitaanza na jambo ambalo wagonjwa wengi hawaelezwi. Zile sindano nyembamba tunazoziita faili hazisafishi mzizi. Kazi yake ni kufungua njia. Mfereji wa mzizi si bomba la mviringo. Mara nyingi umebanwa kama utepe, una kona na vijitawi, na faili namba 25, ambayo ncha yake ina upana wa milimita 0.25, hupita katikati na kuacha pembeni uozo mwingi bila kuugusa. Kinachoufikia uozo huo ni maji ya dawa, na dawa kuu ni sodiamu haipokloraiti, ndugu wa ile inayong'arisha nguo nyeupe, ambayo sisi huitumia kwa nguvu ya kati ya asilimia 0.5 na 5.25. Huua vijidudu na pia huyeyusha nyama iliyokufa, lakini inahitaji muda, na inahitaji kubadilishwa mara kwa mara, kwa maana nguvu yake huisha inapofanya kazi. Joto na mwanga pia huidhoofisha. Hapa Tabora mwezi wa Oktoba, kabla ya mvua, chupa iliyoachwa dirishani haifai kutegemewa. Mwishoni tunasafisha kwa maji mengine ya dawa, EDTA ya asilimia 17, kwa dakika moja hivi, ili kuondoa utando wa vumbi la jino uliobandikwa ukutani na faili. Gego la chini huwa na mifereji 3 au 4. Sisemi kwamba dakika 40 haziwezi kutosha, ila ningependa kujua ni dakika ngapi kati ya hizo zilikuwa za kuosha.

Swali la pili ningependa ulikumbuke wewe mwenyewe: je, jino lilizungushiwa kipande cha mpira, likabaki limechomoza peke yake? Mpira huo ulibuniwa na Sanford Barnum wa New York mwaka 1864, na hadi leo sijaona kinachoushinda. Pasipo mpira, mate huingia katika mfereji tunaousafisha, na faili ikiponyoka mkononi, huishia kooni.

Kuhusu kijazo, huenda kilikuwa gutapacha, utomvu wa miti ya Malaysia na Indonesia, ambao katika vijiti vyetu ni takribani sehemu moja tu kati ya tano. Sehemu kubwa iliyobaki ni zinki oksaidi. Kijiti kinachofaa hufika hadi karibu milimita moja kabla ya ncha ya mzizi, na ukikivuta hugoma kidogo, kama kizibo kinavyogoma mdomoni mwa chupa. Huzungushiwa gundi: ya zamani ni zinki oksaidi iliyochanganywa na yujenoli, mafuta yaleyale ya karafuu za Pemba (ndiyo harufu uliyoisikia, bila shaka), na siku hizi zipo za resini na za kalsiamu silikati. Zote hufanya kazi. Sijapata kuona jino lililookolewa na gundi ya bei kubwa baada ya kuoshwa vibaya.

Kwa hiyo ninaona sababu mbili. Kijazo kiliishia nusu ya njia, na nusu iliyobaki imekuwa makazi ya vijidudu. Halafu ile dawa nyeupe ilikuwa ya muda, ya kuhimili wiki chache. Kwa miezi 5 mate yalikuwa yakipenya taratibu kutoka juu. Hata kazi nzuri kabisa ya chini ingeharibika hivyo.

Mama wa Kasulu

Mwalimu wangu, mimi nilipitia hayohayo, gego la chini vilevile. Nilipanda treni hadi Tabora nikarudiwa matibabu kwa safari 3. Safari ya kwanza daktari alitoa kijazo cha zamani kidogo kidogo. Kikatoka kikiwa na rangi ya kahawia na harufu mbaya hata mimi niliisikia. Akautafuta mfereji wa nne ambao haukuguswa mara ya kwanza, akapima urefu kwa kile kifaa kinacholia kadiri faili inavyokaribia ncha, kisha akaacha ndani kalsiamu haidroksaidi, dawa nyeupe kama chokaa, kwa wiki 2. Niliporudi, kijipu cha ufizi kilikuwa kimefungika. Safari ya tatu jino lilivishwa kofia, yaani kifuniko kigumu cha kulifunika lote kwa juu. Leo ni mwaka wa tatu, ninatafuna mahindi ya kuchoma.

Tabibu wa meno, Kigoma

Ninaongeza jambo moja tu, kwa sababu wengi huja kwetu wakiwa wamemaliza dozi mbili au tatu za vidonge. Antibayotiki haziponyi kijipu cha namna hiyo: ndani ya mzizi hamna tena mshipa wa damu wa kuzifikisha, kwa hiyo usaha hupungua kwa siku chache, kisha hurudi. Usikitoboe kwa sindano. Lakini ukiona shavu au chini ya taya kunavimba, una homa, au kumeza kunakuwa kugumu, usingoje safari ya Tabora; nenda hospitali siku hiyohiyo.

Mwalimu wa Ujiji

Ninawashukuru kwa dhati. Daktari, mpira sikuwekewa. Ninakumbuka vizuri, kwa sababu nilikuwa nikitema kila mara. Nikifika kwa atakayenitibu upya, nimwulize nini bila kuonekana ninamfundisha kazi?

Daktari wa meno, Tabora

Mwulize, hakuna daktari makini atakayechukia. Mpelekee picha uliyonayo, umwambie kwamba ungependa jino lifunikwe kwa mpira, na umwombe akuonyeshe picha ya mwisho, ili uone mstari mweupe umefika wapi katika kila mzizi. Panga fedha ya kofia tangu mwanzo, kwa sababu gego lililotobolewa katikati hupasuka kirahisi linapobeba chakula kigumu, na likipasuka hadi mzizini hatuna la kufanya tena. Picha nyingine upigwe baada ya mwaka mmoja. Ukikuta kivuli kimepungua lakini hakijaisha, usikubali kung'olewa kwa haraka. Mfupa huziba polepole, na wakati mwingine hufika hadi miaka 4.