Kuzungushia 18 kwa kalamu nyekundu mbele ya stafu nzima ni dharau, na hesabu yenyewe mbovu

Bureti50 (mleta uzi)

Wakuu, mnamjua. Sina haja ya kumtaja, kila shule inaye: ndiye mshika ratiba, na anagawa vipindi kama anagawa urithi wa baba yake. Leo kwenye kikao kabandika orodha ubaoni, safu mbili tu, jina na idadi ya vipindi kwa wiki. Kachukua kalamu nyekundu, kafika kwa mwalimu wa Kemia, kaizungushia 18. Kazungusha tena. Kazungusha mpaka ubao ukataka kutoboka, kisha kaigeukia stafu: "Huyu ana nafasi."

Ana nafasi! Mbele ya watu wote, na wino mwekundu!

Sababu yake: wa Hisabati ana 21, wa Kemia ana 18, basi huyu aongezwe 3 vya Jiografia mizani ikae sawa. Mizani gani? Hizo 21 ni kidato kimoja, mikondo mitatu, vipindi 7 kila mkondo. Azimio la kazi (mpango wa mwaka) moja, andalio (mpango wa somo) moja linafundishwa mara tatu, na kwenye mkondo wa tatu linatoka limeiva kuliko la kwanza. Hizo 18 alizozizungushia ni mkondo wa sayansi wa kila kidato: 4 cha kwanza, 4 cha pili, 5 cha tatu, 5 cha nne. Maazimio manne. Maandalio 16 kwa wiki ukihesabu kila dabo, yaani vipindi viwili mfululizo, kuwa moja, na hakuna hata moja linalorudiwa. Mitihani minne ya kutunga, miongozo minne ya kusahihishia. Safu ya idadi haioni hayo, na safu ya tatu hakuiweka.

Njoo kwenye vitendo. Kidato cha tatu na cha nne kila kimoja kina dabo ya maabara. Kwenye ratiba dabo ni dakika 80, basi. Chukua titresheni, yaani kupima asidi kwa besi kwa kutumia bureti (mrija wenye vipimo na koki), ya wanafunzi 40. Kila mmoja anafanya jaribio moja la kukadiria na matatu ya uhakika, kila jaribio pipeti (mrija wa kuchotea kipimo kamili) moja ya sentimita za ujazo 25, hiyo ni 100. Weka ya kusuuzia vyombo na ya kumwagika, ifanye 150. Mara 40 ni lita 6 za besi na lita 6 za asidi. Besi yenyewe, hidroksidi ya sodiamu ya ukolezi wa 0.1 M, inataka gramu 4 kwa lita, kwa hiyo unapima gramu 24, tena haraka, maana inanyonya unyevu wa hewani na vipande vinaanza kulowa palepale juu ya mizani. Ukizubaa, uzito unaousoma si wa besi peke yake, na darasa zima linapata majibu yasiyokaa. Ndiyo maana mwalimu lazima aijaribu mwenyewe kabla. Halafu kuna bureti 40 za kukagua moja moja: hii inavuja kwenye koki, hii imevunjika ncha, ile ina kiputo kilichonasa chini ya koki na kitampotosha mtoto kwenye usomaji wa kwanza.

Pasipo mtaalamu wa maabara, kupanga kunakula dakika 90, kuosha na kurudisha 60. Dakika 150 kwa dabo moja, 300 kwa mbili. Zigawe kwa kipindi cha dakika 40, unapata 7 na nusu. Hiyo 18 imeshakuwa 25 na nusu, na daftari hata moja halijafunguliwa.

Huyo ndiye "ana nafasi". Kwa kalamu nyekundu!

ChakiKavu

Uzi mrefu kuliko azimio la kazi kwa sababu ya rangi ya wino. Mkuu, umechukua wiki mbaya kuliko zote ukaifanya ya mwaka mzima. Titresheni haifanyiki kila wiki.

Bureti50

Wiki isiyo ya titresheni ni ya kuchunguza chumvi. Unafunga gramu 1 mara 40, unajaza upya chupa za vitendanishi (kemikali za kupimia), nitrati ya fedha unaiweka kwenye chupa ya kahawia maana mwanga unaiharibu. Muda ni uleule. Na sisemi rangi tu, nasema KUZUNGUSHA. Mara tatu! Mtu anazungushiwa kama jibu la kukosa!

Daftari120

Mimi niko upande wa hiyo 21 na sikubali kuitwa mwenye andalio moja. Mikondo mitatu ya watoto 40 ni daftari 120. Dakika 3 kwa daftari ni dakika 360, vipindi 9 kila unapokusanya. Na Hisabati haisubiri: mtoto akikosea alama ya kutoa anapofungua mabano, ukamwacha wiki mbili, kosa linaota mizizi. Kwa hiyo 21 ni 30. Kemia nawe hesabu daftari zako 160, lakini usinipunguzie mimi ili upande wewe.

InshaNdefu

Walimu wa daftari za dakika 3 tulieni. Insha 120, dakika 8 kila moja kama unasoma kweli na kuandika maoni, ni dakika 960. Saa 16. Vipindi 24! Insha moja tu, raundi moja, inazaa wiki nyingine kamili juu ya wiki. Na mwalimu wa lugha hapewi punguzo hata la kipindi kimoja kwa sababu "hana maabara". Maabara yetu ni hizo kurasa, ila haziingii kwenye ratiba ya mtu.

Bureti50

Dada, nakuunga mkono, lakini wewe hukuzungushiwa.

InshaNdefu

Afadhali wewe umezungushiwa, maana yake umeonekana. Sisi hata kalamu haitufikii.

WastaniNiHaki

Mnamwonea bure mwenye ratiba. Mikondo 12, kila mkondo vipindi 45 kwa wiki, jumla 540. Walimu 24. Gawanya: 22 na nusu. Aliye chini ya hapo anaongezwa, aliye juu anapunguzwa. Haki gani nyingine mnaitaka?

MchepuoMbili

Mwalimu, hesabu hiyo ndiyo inayovuruga shule, tuifungue. Hizo 540 ni vipindi vya madarasa. Vya walimu ni vingi zaidi, maana mkondo ukigawanyika, nusu kwenye Fizikia na nusu kwenye somo jingine saa ileile, darasa linahesabiwa kipindi kimoja lakini walimu wanaingia wawili. Mikondo 6 ya juu ikigawanyika hivyo vipindi 8 kila mmoja, ongeza 48. Tayari 588. Na hao 24 umemweka mkuu wa shule anayefundisha 6 na wa taaluma anayefundisha 12. Watoe wote wawili na 18 zao: zinabaki 570 kwa walimu 22, karibu 26 kila mmoja. Umekosea kwa zaidi ya vipindi vitatu kwa kila kichwa.

Na bado wastani haufundishi somo. Fizikia ya vipindi 4 kwa mikondo 12 ni 48. Mwalimu akiwa mmoja, anadaiwa 48 kwenye wiki yenye nafasi 45. Hata akilala darasani hazitimii! Historia ya vipindi 3 ni 36, ikiwa na walimu wanne ni 9 kwa mtu. Wastani unasema shule iko sawa. Anza na somo kwanza: vipindi vya somo mara mikondo, gawa kwa mzigo wa mwalimu mmoja, ndipo ujue nani amepungua. Kisha linganisha kwa dakika. Vipindi 24 vya dakika 40 ni saa 16, vya dakika 60 ni saa 24, na watu bado wanavilinganisha kana kwamba ni kitu kimoja.

ZamuYaWiki

Kufidia je? Mwalimu akiugua wiki mbili, vipindi vyake vinaangukia kwa mwenye "nafasi", na havirudi kuandikwa popote. Muhula unakwisha karatasi inasema 18. Kufidia kuandikwe kwenye daftari la zamu, tarehe, mkondo na kipindi, kisha kujumlishwe.

KengeleYaTisa

Yote hayo yana nafuu. Tatizo la kweli ni dabo kukatwa na mapumziko. Vipindi 9 kwa siku, mapumziko baada ya cha 3, chakula baada ya cha 6. Dabo ya kipindi cha 3 na cha 4 maana yake bureti zimejaa, watoto wametoka, mkirudi nusu ya majibu yamepotea.

ChakiKavu

Hilo ni la programu ya ratiba. Usipoiambia mapumziko yako wapi, kwake cha 3 na cha 4 ni majirani.

KengeleYaTisa

Ukiiambia ndiyo inagoma. Maabara moja, kila kundi la vipindi vitatu linameza dabo moja tu, kwa hiyo 3 kwa siku, 15 kwa wiki. Mikondo 6 ya juu, masomo matatu ya sayansi, dabo moja kila somo: 18. Tatu hazina pa kukaa.

MchepuoMbili

Fanya wiki mbili za ratiba. Dabo 6 ziwe za kupokezana: tatu zinaingia wiki ya kwanza, nyingine tatu wiki ya pili, na anayekosa maabara wiki hiyo afanye hesabu za vitendo darasani. Zinatimia 15 kila wiki.

KengeleYaTisa

Na Biolojia inayootesha mbegu? Hiyo ukiiruka wiki, mche umeshapita hatua uliyotaka kuipima.

InshaNdefu

Biolojia waoteshee dirishani, waache maabara kwa wanaoihitaji.