MREJESHO: Mngurumo kwenye Vox AC30 ya zamani

Wakuu, nimerudi. Mwezi uliopita niliuliza kuhusu amplifaya yangu ya gitaa, Vox AC30, ya valvu (zile taa za kioo zinazokuza sauti): inanguruma hata volyumu ikiwa sifuri, na ukizungusha kitufe inakwaruza. Asanteni sana kwa majibu.

Nilianza na valvu, kama wengi mlivyoshauri. Nikaweka valvu nne mpya za aina ya EL84, mngurumo ukabaki vilevile na hela ikaenda. (Zile za zamani kumbe zilikuwa nzima, nimezitunza.) Aliyesema kapasita (vifaa vinavyotunza chaji) za pawasapulai, sehemu inayolisha amplifaya umeme, zimezeeka ndiye aliyepatia. Fundi redio wa mtaani kwetu, mzee wa enzi za santuri, alizibadilisha zote. Mimi sikugusa: humo ndani mna zaidi ya volti 300, na kapasita huweza kubaki na chaji hata baada ya kuchomoa waya. Mngurumo umekwisha kabisa, besi imekaza.

Mikwaruzo imepungua kwa spirei ya kusafishia vitufe, haijaisha. Chaneli ya vibrato (ya mlio wa kutetemeka) bado bubu, nasubiri nipate hela.

Ila nikipiga gitaa kwa nguvu, ule mlio mtamu wa kupasuka kidogo umerudi. Jirani ameshalalamika mara mbili.