Kusi imenifunga mikono Wesha: shida ni chubwi, chambo au mwezi?

Mwalimu wa Ziwani

Assalaam alaykum. Mimi ni mzaliwa wa Ukerewe, kazi imenileta Chake Chake, Pemba, tangu Januari, nafundisha hesabu. Kwetu mtoto hushika kasia kabla ya kalamu, kwa hiyo wiki mbili hazikuisha nikawa nimenunua hori (mtumbwi) kuukuu pale bandarini Wesha, na kafi mbili na nanga ya jiwe.

Januari mpaka Machi nilijiona fundi. Kila Jumamosi natoka saa moja asubuhi, natia nanga kwenye mwamba mmoja ulio njia ya kwenda kisiwa cha Misali, saa tano nimerudi na changu sita au saba. Siku moja nilipata chewa wa kilo tatu. Nikampigia simu kaka yangu kule ziwani nikamwambia bahari ni nyepesi kuliko Viktoria. Tangu Juni, mwamba ule ule, mshipi ule ule, saa ile ile, sipati kitu. Jumamosi iliyopita nimerudi na pono mmoja wa ukubwa wa kiganja. Uzi hausimami, unalala pembeni kama bendera, sijui hata kama chubwi (risasi ya kuzamisha mshipi) inagusa chini.

Ziwani mambo nayajua. Giza la mwezi ni la dagaa, mbalamwezi ikitoka watu wanakaa kushona nyavu. Hapa nikiuliza dikoni, vyombo vinapofikia, najibiwa "kusi hiyo, subiri kaskazi", yaani huu upepo wa kusini upite, uje wa kaskazini. Nisubiri mpaka Disemba kweli? Uzi wangu ni mnene kidogo, chubwi ni ndogo kama betri ya rimoti, chambo ni minyoo ninayochimba nyuma ya nyumba.

Kijana wa Gombani

Minyoo! Mwalimu, changu wa Wesha hajawahi kuona mnyoo wa shamba maisha yake. Anadhani umemtupia kamba ya kiatu.

Mzee wa Kafi

Waalaykum salaam Mwalimu. Huyo kijana mwache, samaki yeye anamjua akiwa kwenye sinia. Ila kwa minyoo kasema kweli.

Nakwambia bila kukuficha: Januari ulibebwa na kaskazi. Mkondo mkuu wa bahari yetu unakwenda upande wa kaskazini mwaka mzima, haugeuki. Kaskazi ikivuma unakutana nayo uso kwa uso, unalegea. Kusi ikija inausukuma mgongoni, unakimbia. Kwa hiyo chubwi yako ya rimoti ilitosha Januari kwa sababu maji yalikuwa yamelegea, na yalikuwa safi na ya moto, digrii 29 hadi 30. Sasa hivi ni 25 au 26, yamevurugika, na mshipi wako unapepea katikati ya maji ambako changu hayupo. Changu yuko chini, anachokora mchanga pembeni ya mwamba. Tia chubwi mara nne ya hiyo. Uzi nao punguza unene, maana uzi mnene ndio unaoshikwa na mkondo kuliko hata chubwi. Watu wengi wanaongeza risasi tu, wanasahau uzi.

Hilo dogo. Kosa lako kubwa ni Jumamosi.

Wewe ni mtu wa hesabu, hesabu nami. Ziwa lenu halina kujaa na kupwa, ndiyo maana saa moja asubuhi kwenu ni saa moja asubuhi. Hapa maji yanajaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku yanachelewa kama dakika 50. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu ndiyo bamvua, maji yanapanda na kushuka karibu mita nne. Baada ya siku saba hivi ni maji mafu, hayaendi popote. Sasa wewe unatoka kila baada ya siku saba. Maana yake Jumamosi moja unaikuta bamvua, inayofuata maji mafu, halafu bamvua tena, na wewe unavua zote mbili kwa namna moja. (Haitadumu hivyo. Mwezi unazidi wiki nne kwa siku moja na nusu, kwa hiyo baada ya muda Jumamosi zako zitaangukia katikati. Lakini kwa sasa ndivyo.)

Jumamosi ya bamvua, huku kwetu maji yanajaa saa kumi alfajiri na kupwa saa nne asubuhi. Wewe saa moja unatia nanga pale ambapo maji yanakimbia kutoka kuliko saa yoyote. Hata ningekuwa mimi nisingepata. Fanya hivi: toka na maji yakipwa, yakubebe, usivue, kunywa chai yako ya chupa. Ikikaribia saa nne maji yanasimama. Hapo tupa mshipi. Nusu saa hiyo ina thamani kuliko asubuhi yote. Yakianza kujaa, ng'oa nanga, wafuate. Changu wanapanda na maji kwenda kwenye majani na pembeni ya mikandaa (mikoko) kutafuta kaa. Wavue kwenye kina cha pima mbili au tatu, na yale maji yanakurudisha nyumbani huku unavua.

Jumamosi ya maji mafu ni kinyume. Yamepwa saa kumi alfajiri, yanajaa pole pole mpaka saa nne, mkondo hauna nguvu. Siku hiyo ndiyo ya kwenda kwenye mwamba wako wa kina. Toka kabla ya jua, upepo wa kusi bado umelala. Saa tatu anza kufikiria kurudi, saa nne uwe umeshageuza.

Hapa ndipo nataka unisikilize kama mwanangu. Sisi wa magharibi ya Pemba kusi kwetu ni mnafiki. Wa mashariki, wale wa upande wa Kojani, wanaiona inakuja na mawimbi inavunja kwenye miamba, wanajua. Wewe Wesha umekingwa na kisiwa. Unatazama maji yamelala kama mafuta kwenye sahani, unasema leo shwari. Ukitoka kidogo tu kwenye kivuli cha ardhi, inakushika, na inakusukuma nje. Ikikukuta maji yanapwa, vyote viwili vinakupeleka huko huko. Na nje ya Misali si kama mlango wa Unguja, ule wao una kina kifupi tu. Wetu una kina cha mamia ya mita. Nanga yako ya jiwe utaifunga kwenye nini?

Mimi yalinikuta nikiwa kijana wa miaka kumi na tisa, mwezi wa nane. Kamba ya nanga ilikatwa na tumbawe, nikasema nitapiga kafi. Nilipiga kafi kutoka saa tano mpaka viganja vinachuruzika damu na Misali ikawa kati yangu na Pemba. Nilimwaga samaki wote ili hori liwe jepesi, nikamwaga na maji ya kunywa, ujinga ule. Alasiri mashua ya watu wa jarife (wavu mkubwa) iliyokuwa inarudi Wete ndiyo iliyoniona. Nahodha hakunigombeza. Alinipa muhogo wa kuchemsha, akaniambia nikae chini nisimzuie kuona. Mpaka leo nikitoka miezi hii nina nanga mbili, na kamba ya pili ni mpya.

Chambo: ngisi, aliyekatwa vipande virefu vyembamba. Umkate usiku uleule, usimtie chumvi.

Mama wa Pweza

Mzee shikamoo, umesema yote vizuri ila kwenye chambo naomba nikupinge kidogo. Mimi ni wa Kisiwa Panza, kazi yangu ni pwani, kuvua pweza kwa mguu. Ngisi ni wa maji mafu, huko kwenye kina. Siku za bamvua changu akipanda anatafuta kaa, na wewe mwenyewe umelisema hilo. Basi kwa nini umpe ngisi? Tafuta kaa wadogo wale wa kwenye mchanga, vunja miguu, mchome ndoana ubavuni. Au ncha za mikono ya pweza. Hiyo changu hawezi kuing'oa upesi hata ukichelewa kuvuta, na tasi wadogo hawaimalizi.

Na Mwalimu, bamvua usiitafute kwenye simu. Uliza leo mwezi ngapi, yaani siku ya ngapi tangu uandame. Sisi wanawake tunahesabu mwezi tu: mwezi pili hadi mwezi tano, na mwezi kumi na tano hadi kumi na nane, saa nne mwamba uko wazi, tunatembea. Ukiona wanawake wanashuka pwani na mikuki na vikapu asubuhi, hiyo ndiyo Jumamosi yako ya kuvua pembeni. Usipotuona, nenda kwenye kina.

Jambo moja tu. Ukisikia mwamba umefungwa kwa ajili ya pweza, usitie nanga hapo hata kama unavua changu. Kwetu tunafunga kwa miezi pweza wakue, kisha anatokea mtu wa hori anasema "mimi napita tu". Ndoo yake unaifunua unakuta nini?

Mzee wa Kafi

Alaa, kwa kaa nimekubali, bi mkubwa. Na mimi huwatumia, nilijisahau. Umri.

Na hilo la mwamba uliofungwa, Mwalimu, ongeza na Misali. Kuna sehemu pale haivuliwi kabisa, haijalishi mshipi au dema (mtego wa samaki). Uliza kabla hujatia nanga, watu wa ulinzi wanapita.

Kijana wa Gombani

Mzee na mimi swali. Ukisema subiri kaskazi, kati ya sasa na Disemba hakuna kitu?

Mzee wa Kafi

Nani kasema usubiri? Hao ni wavivu wa dikoni. Kusi ikianza kuchoka, Septemba na Oktoba, nje huko jodari wanapita, waone wanaorambaza, yaani wanaoburuta ndoana kwa mashine. Wewe wa hori hayakuhusu. Halafu inakuja tanga mbili, upepo haujui uende wapi, unatoka huku leo na kesho kule, na hapo wa hori anafaidi kuliko mtu yeyote. Marehemu baba hakuhesabu Oktoba, alihesabu siku kwa miongo, yaani kumi kumi, tangu Nairuzi, mwaka mpya wetu wa jadi. Alikuwa akisema ikikaribia mia, tengeneza dema, vuli haiko mbali. Nikihesabu, mia yake inaangukia mwisho wa Oktoba au kuingia Novemba. Mara nyingi alipatia, mara nyingine mvua ilimkuta dema ziko juani.

Mwalimu wa Ziwani

Mzee, shikamoo, na wewe Mama. Nimerudi kutoa ripoti maana mwanafunzi asiyeleta kazi ya nyumbani namjua.

Jumamosi hii ilikuwa mwezi kumi na sita, nimemwuliza mwenye duka. Nilitoka saa moja na nusu nikakaa bila kuvua mpaka karibu na saa nne. Ilikuwa adhabu. Watu watatu wamepita na ngalawa wakaniuliza kama nimepotelewa na kitu. Wanawake walikuwa wamejaa mwambani, kwa hiyo nikajua sijakosea hesabu. Chubwi mpya niliyeyusha mwenyewe risasi kwenye kopo la maziwa, nzito kama betri nene ya tochi, ikagusa chini mara moja. Nilisikia kabisa ikigonga, kitu ambacho sijakisikia tangu Machi.

Kwenye maji yaliyosimama nilipata changu wawili. Yalipoanza kujaa nikafuata mpaka kwenye majani, kwa kaa, wakaja wanne zaidi na tasi mmoja ambaye sijui alifuata nini kwenye kaa. Changu wa saba alikata uzi karibu na mikandaa. Kosa langu, nilimwacha aingie kwenye mizizi.

Kitu kimoja nilichokiona kinanisumbua. Karibu na mdomo wa mkono wa bahari unaoingia Chake, baada ya ile mvua ya usiku, maji ya juu yalikuwa ya udongo na nikayaonja, chumvi kidogo sana. Nilipovuta mshipi, uzi wa chini ulikuwa safi. Ziwani mto ukiingia baada ya mvua ndipo samaki wanapokusanyika mdomoni. Hapa inakuwaje, wanakuja au wanakimbia?

Mzee wa Kafi

Changu anakimbia, anashuka kwenye ya chumvi iliyo chini. Mkizi anakuja. Lakini mkizi huwezi kwa mshipi, hiyo ni kazi ya wavu, na wavu una maneno yake. Kwanza ongeza kamba ya nanga ya pili, nimeona hukuitaja.

Mwalimu wa Ziwani

Naenda dukani kesho, mzee.